Breki za Nakiete Kwenye Mteremko wa Mkomba

Hapo zamani, na wala si zamani sana, maana baiskeli zilikwisha kuwa na breki za mafuta, alikuwako mama mmoja katika milima ya Upare akiitwa Nakiete. Kazi yake ilikuwa kuchukua chupa za damu kutoka zahanati ya mlimani na kuziteremsha hospitali ya bondeni zikapimwe. Alipewa baiskeli ya milimani, matairi mapana, kila gurudumu na sahani yake ya chuma inayobanwa na breki. Njia yake ilikuwa mteremko wa Mkomba. Kama huujui Mkomba, jua tu kwamba kulia kuna mwamba na kushoto hakuna kitu.

Sasa sikilizeni vizuri, nisije nikaulizwa baadaye nani alifanya nini.

Jumapili, Mbonea, mume wa Nakiete, aliiosha baiskeli. Alimpenda mkewe, akataka ing'ae. Akaigeuza matairi juu, akaiacha hivyo mpaka kesho yake. Upepo ukaingia kwenye mafuta ya breki, mkono wa breki ukawa laini, unabonyea mpaka unagusa usukani.

Jumatatu, Namkunda, mama mkwe, akaipaka mafuta ya nyonyo. Kwao, chochote kinachoshuka Mkomba hupakwa mafuta kwanza, awe ng'ombe, liwe gunia la tangawizi, hata jeneza. Na mafuta hayo hayafutwi ila na mkono ulioyapaka. Bibi akapaka usukani, akapaka kiti, akapaka na zile sahani mbili. Alimpenda mkwewe, akataka arudi salama.

Jumanne, Nakiete akaenda kwa fundi Senzota.

"Fundi, breki zangu hazishiki."

Senzota akabonyeza. "Zina upepo hizi, dada."

Akatoa upepo, akaongeza mafuta ya breki, mkono ukawa mgumu kama mpya. Kisha akainama, akaona sahani zinameremeta nyonyo. Fundi yule alijua kazi yake. Alijua breki ikilowa mafuta pale huteleza tu, hata ubonyeze kwa nguvu zako zote. Kitambaa kilikuwa begani kwake. Lakini angefutaje baraka ya mama wa watu? Na kusema, akaona haya.

"Tayari, dada. Nenda salama," akasema.

Jumatano, saa nne asubuhi, Nakiete akaanza kushuka. Kona ya kwanza breki zikalia, zikashika kidogo. Akasema moyoni, zitashika mbele. Kona ya pili ukungu ukamfunika. Akabonyeza, mkono mgumu, baiskeli haisimami. Akabonyeza tena, inazidi kukimbia. Kushoto akaona pale pasipo na kitu panamjia.

Mimi nikifika hapa mwili hunisisimka.

Mkono wa mtu ukashika kiti chake kwa nyuma. Baiskeli ikasimama. Nakiete akageuka, akamwona mtu juu ya baiskeli kuukuu, nguo zimelowa, na matairi yake hayakugusa ardhi.

"Mimi nilianguka hapa," mtu yule akasema kwa upole. "Breki zangu pia ziliharibiwa na watu. Wakanizika wakasema ni ajali. Hakuna aliyetajwa. Kesho saa hizi nitakuja kwako, unitajie mwenye kosa. Nitaondoka naye. Usipotaja, nitaondoka nawe. Ukinidanganya, nitaondoka na nyumba nzima."

Nakiete akazifikisha zile chupa kwa miguu, akarudi nyumbani, akawaita wote watatu, mume, bibi na fundi. Akambeba mgongoni mtoto wake wa miezi minane. Akawaeleza bila kulia.

Namkunda akasema, "Nitaje mimi, mwanangu. Mkono uliopaka ni huu. Nimekwisha kula chumvi yangu."

Senzota akasema, "Mama hakujua. Mimi nilijua. Lakini sikupaka kitu. Ililetwa kwangu ina maradhi mawili, nikaponya moja. Mtu achukuliwe kwa sababu ya adabu?"

Mbonea akasema, "Upepo wangu ulikwisha kutolewa, mimi simo." Kisha akaongeza polepole. "Ila nisingeigeuza, usingekwenda kwa fundi. Usingekwenda kwa fundi, usingeamini kwamba zimepona." Akamtazama mkewe. "Na wewe je? Kona ya kwanza hukusikia?"

"Nilisikia," akasema Nakiete. "Nilijua. Nikaendelea."

Usiku ule fundi hakurudi kwake, na hakuna aliyemgusa mwenzake wala aliyekula.

Alhamisi, jua lilikuwa kali kijiji kizima, isipokuwa ua wa Nakiete. Ukungu ukaingia kwa chini, ukapita miguuni mwa kuku, nao wakanyamaza. Mbwa akaingia chini ya kitanda.

"Hodi," sauti ikasema.

"Nakiete. Ni nani?"

Nakiete akawatazama mmoja mmoja. Bibi alikuwa amesimama tayari, kanga ameifunga vizuri. Fundi alitazama chini. Mbonea alikwisha kumchukua mtoto kutoka mgongoni mwa mkewe, amemkumbatia. Ukungu ukafika magotini.

Nakiete akafungua kinywa.

Haya, nanyi mliokaa kimya hapo. Uongo utawachukua wote, na kunyamaza kutamwacha mtoto bila mama. Mmoja alipaka asijue, mmoja alijua asiseme, mmoja alianza kwa kupenda, na mmoja alisikia breki zikilia akaendelea kushuka. Je, kosa lilikuwa la nani, na ninyi mngelitamka jina gani?