Kwa Nini Mbuni Humeza Kokoto

Mbuni alipokuwa bado hajawa mbuni, waliishi wakimbiaji wenye shingo ndefu na midomo isiyo na jino hata moja. Walikuwa na mikono myembamba, na mkia mrefu uliowasaidia kukata kona. Walikula majani machanga na wadudu laini, basi. Kumeza jiwe hakuna aliyewahi kukufikiria.

Miongoni mwao alikuwapo Nambio, mama wa watoto saba. Mwaka mmoja jua liliwaka hata ziwa likarudi nyuma, likaacha tope pana linalong'aa kama maji. Nambio alikwenda mbali kutafuta chakula, akawaacha wanawe ufukweni wakirushiana kokoto. Kiu ikawazidi. Wakaufuata ule mng'aro, na wa kwanza alipozama, wenzake wakaenda kumvuta.

Aliporudi aliona shingo saba tu juu ya tope.

"Mama, usije!" mkubwa wao alilia. "Huku hakukanyagiki!"

Aliingia hivyo hivyo. Nalinda, mdogo wake Nambio aliyekuwa amerudi naye, akamng'ang'ania mkia mpaka akamrudisha. Kufika alasiri, watoto walikuwa wamenyamaza.

Tope likakauka, likawa gumu kama sakafu. Kundi lilitaka kuhama kufuata maji, lakini Nambio hakubanduka. Aliwaita wanawe kwa majina, mmoja mmoja, akimaliza anaanza upya.

"Twende, dada," Nalinda alimsihi siku ya tatu. "Hapa utakufa."

"Nitaondokaje mikono mitupu?"

Akaziokota kokoto saba walizokuwa wakichezea. Mikono yake isingeweza kuzibeba akikimbia, kwa hiyo akazimeza. Njiani zikawa zinasagana tumboni kwa sauti ndogo, naye akipunguza mwendo azisikie. Wenzake wakagundua kwamba mbegu ngumu zilizowashinda wao, yeye zilimsagikia. Walikuwa wamemwona akizimeza kokoto zile. Wakamwiga tu.

Toka msimu ule, ukoo wao humeza mawe, hata baada ya mkia kupotea na mikono kuwa mbawa zisizoruka. Wachimbao mifupa vilimani huwakuta watoto ndani ya mwamba, miguu imezama, shingo zimegeukia walikotoka. Na mbali na hapo, katikati ya mbavu za mtu mzima, kokoto laini. Wataalamu husema zilisaga chakula, nao hawakukosea. Ila mtazame mbuni jike akishameza yake: husimama kidogo, akainamisha kichwa, kisha ndipo huenda.