Ujumbe Usio na Neno

Alikuwepo mtu mmoja mjini, ndugu zangu, na msiniulize ni wa mtaa gani, kwa sababu nikiutaja mtaa mtaanza kugeuka kutazamana. Kazi yake ilikuwa kukodisha maturubai, viti na vipaza sauti. Ukiwa na harusi unampigia yeye, ukiwa na msiba unampigia yeye, na kama umepata bahati mbaya ya kuwa na vyote viwili wiki moja, anakupunguzia bei. Watu walimpenda. Simu yake haikupoa.

Sasa mtu huyu akiwa anafunga turubai, vyuma vinagongana, vijana wanapiga kelele, simu haisikii. Wateja wakalalamika. Basi akaenda akawasha ile huduma ya ujumbe wa sauti: usipopokea, aliyekupigia anasikia salamu uliyoirekodi, kisha unalia mlio, naye anaacha maneno yake. Alijifungia ndani ya gari kuirekodi salamu hiyo, akairudia na kuirudia mpaka ikatoka tamu. Mkewe alipoisikia akamwambia, "Mbona mimi hujawahi kusema nami hivyo?" Akacheka. Alidhani ni utani.

Kila jioni baada ya kula alikaa kwenye kochi akazipitia simu zilizompita mchana. Huyu anataka viti vyeupe, huyu anataka turubai la mvua, huyu amekosea namba. Anasikiliza, anajibu, anafuta. Mpangilio mzuri kabisa. Wewe unayecheka hapo nguzoni, simu yako ina misikoli ngapi hujazigusa?

Ndipo ikaanza namba moja isiyo na jina. Ilipiga mchana, yeye yuko kazini, na jioni akakuta imeacha ujumbe. Akasikiliza. Hakuna neno. Na si kwamba ujumbe ulikuwa mtupu, ndugu zangu, mtu alikuwepo. Unamsikia anavuta pumzi, anaishusha taratibu, anavuta tena, kama mtu aliyekaa mahali anangoja kitu. Halafu inakatika yenyewe.

Akaufuta. Kesho yake namba ile ile, pumzi ile ile. Akaufuta tena. Wengine hapa mngetukana. Naye alitukana, lakini ujumbe haujibu, ukautukana unabaki unajitukana mwenyewe sebuleni.

Siku moja akauacha uende mpaka mwisho. Nyuma ya ile pumzi, kwa mbali, akasikia viti vya plastiki vinapangwa, kimoja juu ya kingine. Kisha sauti ya mwanamume, kali: "Pumbavu wewe! Nilisema vyeupe! Una masikio au una majani?" Akaurudia. Ile sauti ilikuwa yake. Maneno hayo aliyasema mchana ule ule, uani kwake, akiwafokea vijana wake wa kazi.

Fikirini hilo. Yaani mtu huyo anayepumua, wakati anapiga, alikuwa karibu naye kiasi cha kumsikia akigomba. Na uani kwake geti linafungwa.

Alibadilisha kufuli. Akazunguka nyuma ya mirundo ya viti akiwa na tochi mchana kweupe. Akawatazama vijana wake mmoja mmoja, nao wakaona bosi leo ana lake jambo. Mwisho akasema hili si la kufuli. Akachoma ubani uani, akasoma aya alizofundishwa utotoni, kwa sauti, kila pembe ya ukuta. Akaingia ndani ametulia. Jioni akafungua simu, ujumbe upo. Pumzi inapanda, inashuka, na nyuma yake mtu anasoma aya. Alikuwa ni yeye.

Mtaniambia, si angeipiga tu hiyo namba? Ndugu zangu, kuna simu mtu haipigi kwa kuogopa isije ikapokelewa.

Hakulala wala kula vizuri tena. Aliogopa ana mtu ndani ya nyumba yake asiyemjua, anayekula naye na kulala naye chini ya bati moja. Akamwonyesha mkewe ile namba. "Unaijua hii?"

Mama yule akaitazama, kisha akamtazama mumewe. "Wewe huijui?"

"Ningeijua ningekuuliza?"

"Basi ipigie, baba watoto."

"Ni ya nani?"

"Nimekwambia ipigie." Akarudi kuosha vyombo vyake. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Ikafika Jumapili, baada ya adhuhuri. Mkewe amekwenda msibani, vijana wamepumzika, geti amelifunga kwa mkono wake. Yuko peke yake, au hivyo ndivyo alivyodhani. Jua limesimama, mtaa mzima kimya, hata kuku hawalii. Simu ikaita. Ni ile namba. Akaiacha iite mpaka ikanyamaza, akangoja mpaka akaona ujumbe umeingia. Kisha akasema bismillahi, akaipigia.

Sikioni mwake ikaanza kuita. Na ndani ya nyumba, ndugu zangu, ikaanza kuita nyingine.

Alitaka kukata. Lakini akaifuata. Akapita sebule, akapita jikoni, akashika ukumbi mwembamba unaokwenda nyuma, na ule mlio ukazidi kuwa karibu. Ukumbi ukaisha kwenye mlango mmoja. Mlio ulikuwa nyuma ya mlango huo. Akaukata, na kule ndani ukakatika.

Mlango ule aliujua. Ni wa chumba cha baba yake.

Eeh, mmenyamaza.

Alimleta mzee kutoka kijijini macho yalipoanza kumwisha. Akampa chumba kizuri chenye dirisha la uani, hatukatai. Baadaye viti vikaongezeka, maturubai yakaongezeka, yakapangwa mpaka dirisha likazibwa. Mke akawa ndiye anayemwogesha mzee, anayemlisha, anayempeleka nje kuota jua. Yeye akiulizwa msikitini, "Mzee hajambo?" anajibu, "Hajambo, tunaye." Siku aliyoingia mwenyewe chumbani mle mara ya mwisho, hakuweza kuikumbuka. Akakumbuka tu kwamba mkewe alimwambia, siku moja kwenye kochi, "Nimempa baba ile simu yetu ya zamani, nimemwekea namba yako na spika, abonyeze kitufe kimoja tu." Naye akajibu "vizuri," macho yapo kwenye ujumbe wa mteja.

Akafungua. Saa nane mchana, na ndani ni giza. Mzee amekaa kitandani, kanzu safi, simu mapajani.

"Nani?"

"Ni mimi, baba."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

Mzee akageuza sikio. Kisha akasema kwa adabu, kama unavyomwambia mgeni aliyekosea nyumba, "Hapana, bwana. Sauti yako naijua. Wewe ni bwana wa viti. Nakusikia hapo dirishani kila siku ukiwafokea watoto wa watu. Kama umefuata viti, viko nje."

"Baba, wallahi ni mimi."

"Usiape. Juzi nilikusikia unasoma, nikasema alhamdulillahi, leo bwana wa viti amekumbuka. Lakini mwanangu si wewe. Mwanangu yuko mbali, ana kazi zake, na pamoja na hayo, nikimpigia hajawahi kunivunjia heshima. Ngoja umsikie mwenyewe."

Akapapasa kitufe, akakibonyeza.

Simu ikatetemeka mkononi mwa mwanawe. Kidole kilikuwa pale pale, angeweza kupokea. Lakini apokee aseme nini, na kwa sauti ipi? Aliitafuta ile aliyoirekodi garini. Akafungua mdomo, sauti ile haimo. Ikaita, ikaita, ikapita. Na mle gizani, kutoka mapajani mwa mzee, ikatoka sauti yake yeye, na yeye amesimama mlangoni mdomo wazi.

"Asalaam aleikum, mpendwa wangu. Samahani sana, nimeshindwa kukupokea. Simu yako ni ya thamani kubwa kwangu. Tafadhali usikate. Niachie neno, nami nitakurudia."

"Waaleikum salaam, mwanangu," mzee akaitikia, uso umemkunjuka. Aliitikia kabla ya mlio, kila siku aliitikia kabla ya mlio, ndiyo maana katika ujumbe halikuwemo neno hata moja. Mlio ukalia. Mzee akaishika simu kwa mikono miwili, akanyamaza, anapumua taratibu.

"Baba," yule mtu akanong'ona, "unangoja nini?"

"Shh. Kasema nisikate. Atanirudia."

Najua mnachotaka sasa. Mnataka niwaambie kwamba alipiga magoti, mzee akamshika kichwa, akamjua, wakalia pamoja, ili twende tukale kwa amani. Sitawaambia. Mfano wangu unaishia pale mlangoni.

Na msije mkajifariji kwamba mzee alikuwa amechanganyikiwa kwa uzee. Aliletewa sauti mbili, moja inafoka na moja inapenda, akaambiwa ipi ni ya mwanao. Wewe ungechagua ipi? Yeye hakukosea katika kuchagua. Sisi ndio tuliompa vya kuchagua.

Maana sisi, ndugu zangu, tunazo hizo sauti mbili. Ile njema tunaitoa kwa mteja, kwa bosi, kwa mtu wa kamati ambaye hata jina lake hatulijui. Tunaifanyia mazoezi. Tukifika nyumbani tunaivua pamoja na viatu, tunawaachia wazazi na wake na watoto ile nyingine, iliyochoka, ya kugomba. Halafu tunashangaa kwamba nyumba imejaa kitu tusichokijua, kinachopumua, na tunatafuta ubani! Mimi nasema hivi nikiwa na uchungu, kwa sababu tuko wengi humu. Tunaogopa majini ya watu, kumbe nyumbani kwetu mgeni ni sisi.

Sisemi mzime simu. Riziki iko humo. Nasema leo ukitoka hapa, ukiwa na mzazi chumba cha nyuma, usimpigie. Ingia. Kaa kitandani. Sema naye mpaka akuzoee, hata kama siku ya kwanza atakuuliza wewe ni nani, nawe vumilia aibu hiyo, maana umeinunua mwenyewe.

Vumilia leo, ndugu yangu, kwa kuwa ipo siku tutasimama mbele ya Mola wetu, hakuna namba wala salamu ya kurekodi. Utasema, "Mimi ni mwana wa huyu," na mzee ataulizwa, "Huyu unamjua?" Siku hiyo baba hatasema uongo, hata kwa kukupenda.