Joho la Bikira na Alama ya Kidole

Kanisani, Eulalia alikuwa akidarizi jani la mwisho kwenye pindo la joho la mahameli, miwani imemteremkia puani. Wanawake wa mtaa walikuwa wamelishona kwa miaka mitatu, na Ijumaa Kuu hii sanamu ya Bikira wa Huzuni ingelivaa kwa mara ya kwanza katika maandamano kwenye njia za mji wa Antigua. Juu ya machela kubwa ya kubebea sanamu, Rigoberto, mtoto wa kaka yake, alikuwa akifunga taa za halojeni huku akitafuna ndizi ya kukaanga.

"Rigo, futa mikono. Boksi limeandikwa globu hizo haziguswi kwa vidole vitupu."

"Shangazi, hii ni globu, si kitoto kichanga!"

"Basi irudishie taa kioo chake cha mbele."

"Kinapunguza mwanga. Wewe shona, Shangazi. Umeme niachie mimi."

Wabebaji waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Eulalia akadunga sindano kwenye mahameli.

Haki isemwe, taa zile zilikuwa na sifa zake. Ndani ya globu, uzi mwembamba wa chuma huwaka hadi kuwa mweupe. Chembe zinazouhama hudakwa na gesi ya halojeni na kurudishwa kwenye uzi, ndiyo maana kioo cha globu hakiingii weusi na globu hudumu. Lakini kazi hiyo hutaka joto kali, na kioo huwa cha moto kuliko kikaango. Mafuta ya kidole yakibaki juu yake huungua, na mahali hapo hudhoofika.

Bikira akavishwa joho kwa majaribio. Rigoberto akawasha taa. Wekundu wa mahameli ulikolea, dhahabu ikametameta, na uso wa Bikira ukawa kama unapumua. Hata Eulalia alilengwalengwa na machozi.

Mara, paa! Globu ikapasuka, kipande cha moto kikadondokea joho. Eulalia alikizima kwa aproni yake, lakini tundu pana kama kiganja lilikuwa limekwisha kula mahameli na maua yake yaliyodariziwa.

"Alama ya kidole tu, jamani!" Rigoberto alijitetea. "Nani angejua?"

"Ulijua. Nilikwambia."

Don Anselmo, mkuu wa wabebaji, akaingilia. "Tusikuze mambo, mama. Tutapachika maua mabichi hapo, baadaye nyinyi mtaziba. Si mna mikono ya malaika?"

Damu ilimchemka Eulalia. "Mikono ya malaika? Hii ina sugu, Don Anselmo! Kila mwaka mnaharibu nyinyi, tunaziba sisi, na sifa mnazibeba nyinyi mabegani. Ua halipachikwi hapa! Na huyu atanawa kwa sabuni, aketi, afumue uzi mmoja mmoja mpaka akijue alichokichoma."

Safari hii hakuna aliyecheka. Rigoberto akanawa, akaketi. Uzi wa kwanza ulimkatikia, wa pili pia.

"Shangazi, tutawahi Ijumaa?"

"Sijui."

Jua lilipozama, nusu ya nyuzi zilizoungua zilikuwa bado zinaning'inia. Eulalia akalifunika joho kwa shuka.

"Kesho baada ya misa ya alfajiri tunaendelea," alisema. "Usichelewe."

Rigoberto alitaka kurudia kwamba ilikuwa alama ya kidole tu, badala yake akainama kuokota nyuzi zilizoungua sakafuni. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.