Pimbi Anunua Gari kwa Mamba

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na gari!
Mlilikagua?
— Hatukulikagua!
Ndiyo maana mmekuja kwa miguu. Haya, kaeni. Na wewe mwenye simu, izime. Hadithi hii sirudii.

Hapo kale, lakini si kale sana maana magari yalikuwepo, paliishi Pimbi juu ya kilima cha mawe. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, na kazi yake kubwa ni kuota jua. Jua likikosekana hushuka barabarani, akatafuta gari lililoegeshwa, akaingia chini yake na kulala penye injini yenye joto. Tangu utotoni alilala hivyo. Kwa hiyo tumbo la gari alilijua kuliko wenye magari wenyewe, ambao wanajua redio tu na kuulizana rangi.

Pimbi alikuwa na mdogo wake, Siwema. Siwema alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia. Mumewe, jina lake Chande, alikuwa ameshuka bondeni mwezi uliopita na dumu la asali kwenda kununua gari, ili siku ya uchungu mkewe asitembee. Chande hakurudi. Watu wa kilimani, na watu mnawajua, wakasema: "Amemkimbia huyo! Kachukua asali, kaoa kwingine." Siwema alisikia, akainamisha kichwa. Tumbo likakua, yeye akakonda.

Asubuhi moja uchungu ukamshika. Mkunga wa kilimani akampapasa, akatikisa kichwa.

"Mtoto amekaa vibaya. Mimi hapa siwezi. Mpelekeni zahanati ya ng'ambo kwa Bibi Kanga kabla jua halijatua. Mkichelewa, kesho tutalia wote."

Ng'ambo! Na mto ule ulikuwa na mahali pamoja tu pa kuvukia, tope zito, na mvua ilikuwa inanguruma milimani, gruuu, gruuu. Bila gari la foo-wili, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, hupiti. Na magari yaliuzwa mahali pamoja tu, yadi ya Bwana Mamba, pale pale kando ya kivuko.

Ukoo mzima ukateremka. Kwao mzazi hasindikizwi na mtu mmoja. Shangazi, mama wadogo, bibi, wote thelathini walijifunga kanga, wakambeba Siwema kwenye machela na dumu la asali nyuma.

Langoni palikuwa na kibao: MAGARI SAFI KUTOKA JAPANI. BEI YA KUTUPA. KINACHOSIMAMA MAJINI NI CHA MWENYE MAJI.

Shangazi zake walisoma "bei ya kutupa" wakapiga vigelegele. Pimbi akasoma mstari wa mwisho mara mbili.

Mamba akatoka, mrefu, mnene, meno nje. Alipomwona Siwema pale kwenye machela, machozi yakamtoka. Mamba akiona kilichonona hulia, ndivyo alivyoumbwa.

"Karibuni wanangu! Pole sana, mama. Chagueni, chagueni, asali dumu moja tu."

Akawapeleka kwenye gari jeupe. Lilimeta mpaka macho yanauma, na ubavuni limeandikwa 4WD kwa herufi kubwa.

"Hili lilikuwa la bibi mmoja wa Japani. Alikuwa akienda nalo sokoni na kurudi, sokoni na kurudi."

Pimbi akajipenyeza chini, churu! Akatazama nyuma, katikati ya magurudumu, pale panapokaa difu, lile dude la mviringo linalozungusha magurudumu ya nyuma. Hakuna difu! Hakuna shafti ya kulizungusha! Gari linavuta kwa mbele tu, foo-wili yake ni ya stika. Akatoka, akajifuta vumbi.

"Zuri," akasema. "Zuri sana. Na lile?"

Lile lilikuwa jipi la kijani, mabega mapana.

"Hili nalo lilikuwa la bibi mmoja wa Japani. Sokoni na kurudi, sokoni na kurudi."

Pimbi akaingia chini, churu! Akasoma nambari iliyochongwa kwenye chasisi, mifupa ya gari. Akapanda, akafungua boneti, akasoma nambari ya kwenye kibati. Ya chini hivi, ya juu vile. Kichwa cha gari hili, kiwiliwili cha gari lile, na katikati wamechomelea.

"Zuri. Zuri sana. Na lile?"

Lile lilikuwa jipi dogo la buluu, milango miwili. Ndani linanukia marashi kama bibi harusi.

"Jipya hilo! Lilikuwa la bibi mmoja wa Japani..."

"Sokoni na kurudi," akasema Pimbi.

"Umejuaje?"

Pimbi akaingia ndani. Palipo na marashi mengi pana harufu inayofichwa. Akaushika mkanda wa kiti, akauvuta. Akauvuta zaidi, mpaka mwisho kabisa, pale ambapo muuzaji huwa hafiki na kitambaa chake. Kwanza akaona lebo yenye mwaka: gari lilikuwa kuukuu, lina umri wa Shangazi Hidaya. Kisha akaona mstari wa tope la mto. Gari limezama hili. Kisha akaona meno. Ukingo wa mkanda ulikuwa umetafunwa, meno mawili, meno mawili, meno mawili.

Chande akiogopa alikuwa anatafuna. Alitafuna kamba ya jukwaa siku ya harusi yake, watu wakacheka.

Pimbi akakwangua rangi ya mlango kwa ukucha. Chini ya buluu palikuwa na nyekundu. Chini ya nyekundu palikuwa na manjano.

Akaelewa yote. Mamba anauza gari bovu. Gari linasimama katikati ya mto. Kinachosimama majini ni cha mwenye maji, anakula waliomo, analivuta gari, analipaka rangi, analiuza tena. Gari moja, wanunuzi wangapi? Alitaka kupiga kelele. Aliogopa, jamani, na alikuwa amefiwa na shemeji. Lakini nje Siwema aliguna "Mmmh!" na wingu lilikuwa limeshafika juu ya kilima.

"Umeona nini humo?" Mamba akauliza. Hakuwa anatabasamu tena.

"Zuri," Pimbi akasema. "Zuri sana."

Akawaza: Mamba analivuta kwa kitu gani gari lililozama? Akapeleka jicho huku na huku. Mwisho wa yadi, nyuma ya matairi, palikuwa na pikapu la zamani la kijivu. Taa moja, kamba nene mbele, tope mpaka kwenye madirisha. Hakuna marashi, hakuna stika. Pimbi akapita karibu, akajifanya ameangusha hereni, akaingia chini, churu! Difu nyuma, ipo. Difu mbele, ipo. Shafti mbili. Nambari ya chini na ya juu, ndugu wa tumbo moja.

"Hilo haliuzwi!" Mamba akanguruma. "Hilo la kazi. Chukua la buluu."

"Nalitaka hilo la buluu, Bwana Mamba, nalitaka kweli. Shida ni hawa." Akawaonyesha wale thelathini. "Kwetu mzazi husindikizwa na ukoo. La buluu linachukua watano. Ishirini na watano watabaki, na mila hairuhusu, bora turudi nyumbani."

"Msirudi!" Mamba akameza mate, glu. "Wote thelathini mnavuka? Kwa mara moja?"

"Kwa mara moja. Tena shangazi zangu wazito, unawaona."

Mamba akawatazama shangazi. Machozi yakamtoka upya. Laiti angejiuliza: gari la kuvuta likizama, litavutwa na nini? Lakini tumbo likishika usukani, kichwa hukaa kiti cha nyuma.

"Basi chukueni hilo pikapu," akasema. "Ngoja niwafutie matairi."

Akapokea dumu la asali, na shangazi walipokuwa wanapanda nyuma, akainama mbele kwa kitambaa. Mapikapu ya zamani, sikilizeni, ili foo-wili ishike haitoshi kuvuta gia ndogo ndani. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifundo. Unashuka, unakizungusha kwa mkono, ndipo gurudumu linashikana na shafti. Usipokizungusha, vuta gia mpaka kesho, magurudumu ya mbele yatakwenda matembezi tu. Wanunuzi wengi hawajui. Mamba akafuta tairi, akakizungusha kifundo, kra! Akafuta la pili, kra! Vyote viwili vimefunguka, magurudumu ya mbele yameachana na shafti.

"Mkiingia majini vuteni hiyo gia ndogo," akasema kwa upole. "Natangulia kuwaonyesha njia." Akatambaa mtoni, akazama chini kabisa, macho na yote.

"Shangazi!" Pimbi akanong'ona. "Shukeni wote! Vueni kanga! Leteni mawe, yafungeni kanga, yapangeni nyuma. Upesi, na asiulize mtu!"

Pikapu tupu nyuma huteleza, lenye mzigo hukanyaga. Shangazi wakabeba mawe, gubu, gubu, gubu, huku wamebaki na magauni tu, wazee wa heshima zao. Kwa mbali ungeapa ni akina mama thelathini wamebanana.

Pimbi akakimbilia vifundo. Akakishika cha kwanza, hakiendi. Mkono wa Mamba ulikuwa umekikaza. Tone la kwanza la mvua likamdondokea puani. Shangazi Hidaya akaja, akakizungushia kipande cha kanga, wakavuta wanne. Kra! Cha pili, hakiendi. Wakavuta sita. Hakiendi! Huko machela Siwema akalia, "Dada, nakufa," na Pimbi akalia pia, lakini akaokota jiwe na kugonga, ko! ko! ko! Kra!

Siwema akapakiwa mbele. Pimbi akasimama juu ya kiti akashika usukani. Miguu yake haikufika chini, basi Shangazi Hidaya akakaa chini kwenye pedeli, wengine wakabaki ukingoni.

"Klachi!"

"Nimekanyaga!"

"Mafuta!"

"Haya!"

Ngrrrr! Gari likaingia mtoni. Maji yakafika kwenye matairi, yakafika kwenye milango, yakaingia ndani yakamfika Shangazi Hidaya shingoni.

"Pimbi, maji!"

"Usiachie mafuta! Ukiachia, maji yanaingia kwenye bomba la moshi, tunasimama!"

"Nakunywa, mwanangu!"

"Kunywa na ukanyage!"

Katikati ya mto Mamba alikuwa amejilaza kukingama njia, mdomo wazi, anasubiri gari lisimame. Gari lile alilifungua vifundo kwa mikono yake, litasimama tu. Akahesabu kanga: moja, mbili, tatu. Gari likakohoa, kho, kho. Mamba akafumba macho kwa utamu.

Lilikohoa, halikusimama. Magurudumu ya mbele yakagonga kitu kirefu.

"Ni nini hicho?" Shangazi Hidaya akauliza kutoka chini.

"Gogo!"

"Mbona linapiga kelele?"

"Gogo la huku! Mafuta, shangazi!"

Mbele yakapanda. Nyuma, na mawe yote thelathini, yakapanda. Kwaru, kwaru, kwaru, kwaru! Kutoka bega hadi mkia. Ndiyo maana mgongo wa mamba mpaka leo una alama za tairi. Asiyeamini akamguse.

Wakafika ng'ambo. Bibi Kanga akapokea, akaingiza mikono, akamgeuza mtoto. Jua lilipokuwa linagusa kilima, mtoto akalia ngaa! Ni wa kike, meno mawili mbele.

Siwema alipopata nguvu akamtazama dada yake. "Leo umelia, na si kwa ajili yangu tu. Niambie."

Pimbi akamwambia. Lile la buluu, rangi nyekundu chini yake, mkanda, meno. Kwamba Chande alinunua gari akaingia nalo mtoni kuelekea ng'ambo, amjaribie njia kwanza, asije akampakia mke wake ndani ya kitu asichokijua.

Siwema alikuwa ananyonyesha. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, lakini kichwa alikiinua. Kwa mwezi mzima hakuwa amekiinua.

"Kumbe hakunikimbia," akasema.

Kesho yake alipopandishwa kilimani, aliwataka wote waliosema amekimbiwa waje wamwone mtoto. Wakaja mmoja mmoja. Kila mmoja Siwema alimwambia neno hilo hilo, "Hakunikimbia," akamkazia macho mpaka akainamisha uso.

Na funzo la hadithi hii, wanangu, ni hili: ukienda kununua gari, usichungulie chini. Ni utovu wa adabu, na nguo zitachafuka. Usivute mkanda, usisome nambari. Tazama rangi, nusa marashi, ukiona muuzaji analia jua ana huruma. Mimi hivyo ndivyo nilivyonunua langu, na liko vizuri kabisa, linataga mayai. Kuku wote wa mtaani wamelipenda.

Hadithi nimeiegesha hapa. Ikikufaa, iwashe uende nayo. Isipokufaa, mimi sikukwambia ulikague?