Kitanda Kimoja Katika Nyumba ya Magurudumu

Sogeeni motoni, ila dirisha lile liacheni wazi kidogo. Anayelalamikia baridi avumilie, mbele ya safari atanishukuru. Mmetulia? Basi nipeni masikio, nami niwape kesi.

Kule milimani Makete, mwezi wa saba, watu huamka wakakuta sakitu imelala juu ya majani, ule ungaunga mweupe wa barafu unaounguza viazi shambani. Huko aliishi bwana mmoja muuza sufuria, jina lake Ngajilo. Alikuwa na wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, na kila mmoja na kipaji chake.

Bi Foibe, mke mkubwa, alikuwa na mikono ya kuziba. Ukuta akiukandika yeye, hata mjusi alihama kwa kukosa pa kupita. Upepo wa mlimani ulizunguka nyumba yake ukitafuta ufa, ukachoka, ukaenda kwa majirani.

Yusta, mke wa kati, moto ulimtii. Mpe kuni mbichi, mpe mkaa uliolowa, mpe siku ya mvua. Atapuliza mara mbili na chai itachemka.

Elizena, mke mdogo, kipaji chake kilikuwa wivu. Msicheke. Wengine wetu tuna wivu wa kuja na kuondoka kama mafua, lakini wa Elizena ulikuwa na macho na masikio yake wenyewe. Ngajilo akila kiazi kwa Yusta, Elizena alijua kilitiwa chumvi kiasi gani.

Wala msidhani hao wenzake walikuwa malaika. Foibe na Yusta hawakusemeshana tangu Pasaka, kisa kitenge: mmoja alinunuliwa kizuri, mwingine akanunuliwa baadaye chenye rangi hafifu. Wakitaka kupashana habari walipitia kwa mbuzi. Foibe alisimama uani akasema, "Wewe mbuzi, kamwambie mwenye nyumba ile kwamba kuku wake wako kwenye mahindi yangu." Na Yusta akamjibu mbuzi. Mnyama wa watu alikonda kwa mawazo.

Sasa Ngajilo alikuwa na nyumba ya nne, na hiyo ndiyo iliyowachoma roho wote watatu. Alikuwa na lori kuukuu, nyuma amelijengea chumba cha bati, mna kitanda kimoja, meza ya kukunja na dirisha dogo la kioo. Kila baridi ilipoanza, aliwasha nyumba yake akateremka bondeni Kyela, ambako mpunga unavunwa na watu wanatoka jasho mwezi uleule ambao huku mlimani maji yanaganda ndooni. Alikwenda peke yake. Kitanda kimoja, wake watatu, angemchukua nani? Wanawake wale walilijua joto la Kyela kwa kusimuliwa tu, na kila mmoja usiku alijiona amekaa mle ndani, mguu juu ya mguu, akiwapungia mkono wenziwe wawili waliobaki wakitetemeka. Atakayepanda lile gari, walisema moyoni, huyo ndiye mke. Wengine ni majirani.

Basi mwaka mmoja Ngajilo alitoka mnadani akapigwa na mvua ya barafu. Gari likakwama chini ya kilima, akashuka kulisukuma, likamshinda. Wake zake walipomfikia alikuwa amelowa chapachapa, midomo myeusi, meno yanagongana, na miguu haimbebi.

"Apelekwe kwangu," Foibe akasema. "Mimi ndiye niliyemkuta kijana."

"Alipoondoka zamu ilikuwa kwangu," Yusta akasema, akilitazama gurudumu kwa kuwa mbuzi hakuwapo. "Haikuisha."

"Iliisha njiani," Elizena akasema. "Anarudi kwangu."

Wakabishana juu ya kichwa chake. Ngajilo akaona akienda kwa mmoja amewachinja wawili. "Niacheni humuhumu garini," akasema. "Nyumba hii haina mwenyewe." Jamani, mwanamume anaweza kuogopa wivu kuliko kifo. Wakambadilisha nguo, wakamlaza kwenye kile kitanda kimoja, na kila mmoja akapanda kilima amenuna.

Lakini bati si ukuta. Bati huila baridi ya nje na kuitapika ndani, na chumba kile kilikuwa na matundu ya misumari na nyufa kila kona.

Foibe alifika kwake, akaketi, hakuketika. Alichukua udongo, samadi na magunia chakavu, akateremka. Akazunguka lori lote kwa nje, akaziba tundu baada ya tundu, akajaza magunia chini ya sakafu, akakandika mpaka pembezoni mwa dirisha. Vidole vilikufa ganzi, kucha zikapasuka. Upepo uliokuwa ukimpiga mumewe kifuani ukakatika. Alipokuwa akiziba ufa wa mwisho alimwona Yusta anateremka na jiko la mkaa. Akageuza uso, akaondoka kwa njia nyingine.

Yusta naye alikuwa amehangaika. Mkaa wake wote ulilowa, akaukausha kifuani na kwenye mvuke wa chungu, akaupuliza mpaka ukawa mwekundu wote, hauna moshi hata kidogo. Akaingia garini, akaliweka jiko karibu na kitanda, akafunga mlango. Akaona nyufa zimezibwa, akamjua aliyeziba. Hakusema asante, alifurahi tu kwamba joto lake halitatoka. Akakaa kitandani, akaichukua miguu ya mumewe mapajani akaisugua. Mwili uliokuwa baridi kama jiwe la mtoni ukaanza kurudi. Ngajilo akafumbua macho, akaomba uji. Yusta akaona raha ambayo hakuiona tangu aolewe. Kisha kichwa kikamuuma kidogo, akajiegemeza.

Na Elizena? Elizena alisimama mlangoni pa jiko lake, anatazama lile lori chini ya kilima. Alimwona Yusta akiingia. Hakumwona akitoka. Akatwanga mahindi, akasimama, akatazama. Akatwanga tena. "Wangecheka ningestahimili," alisema baadaye. "Wangeongea ningestahimili. Kimya ndicho kilichonishinda. Watu wawili wakinyamaza hivyo kuna nini?" Akashika mchi, akateremka mbio, jua linazama. Akabisha mlango, kimya. Akachungulia dirishani, kioo kimejaa mvuke, hakuona kitu. Basi damu ikamchemka, akainua mchi, akakivunja kile kioo vipande vipande.

Upepo ukaingia. Elizena akaingiza mkono, akafungua komeo, akamkamata Yusta nywele akamburura nje ili ampige vizuri penye nafasi. Akainua mkono. Ndipo alipoona kichwa kimelegea na macho hayana mtu. Akamwacha kwenye majani, akamrukia mumewe, akamvuta naye. Akawalaza pamoja chini ya anga, akawafunika kwa khanga zake, akapiga yowe mpaka mlima ukaitikia.

Wakapona. Mganga wa zahanati aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Mkaa ndani ya chumba kisichopumua huua bila kelele. Lile dirisha ndilo lililowarudisha. Lakini pia mzee huyu, kwa jinsi alivyopoa, upepo usingezibwa au moto usingewashwa, jioni isingemkuta. Likikosekana moja katika hayo matatu, tungezika." Akamgeukia Ngajilo. "Wewe baridi hii huiwezi tena. Teremka bondeni, na usiende peke yako."

Ngajilo akawaita wake zake mbele ya lori. Dirisha lilikuwa limepigwa ubao. "Nitakwenda na yule aliyeniokoa," akasema.

Kila mmoja akaokota kifurushi chake. Walikuwa wamevifunga tangu alfajiri.

"Kwanza nijibuni," Ngajilo akasema. "Mama Oska, ulimwona Yusta akija na jiko?"

"Nilimwona," Foibe akasema.

"Na ulijua umeziba kila mahali."

"Nilijua."

"Mbona hukumwonya?"

Foibe akatazama kucha zake zilizopasuka. "Ningeanzaje? Tangu Pasaka sijamsemesha. Nilisema moyoni, ana akili zake, atafungua mlango. Baba Oska, miaka yote hii nimeziba nyumba yako usiugue. Nani mwingine aliyekukinga?"

"Yusta, uliona nyufa zimezibwa?"

"Niliona," Yusta akasema. "Mkaa naujua tangu utoto, hatari yake naijua. Lakini kufungua mlango ni kumpa Elizena nafasi ya kuchungulia. Nikasema dakika kidogo tu, niwe na wewe peke yangu. Mimi sikusimama nje, Baba Neema. Nusura nife nawe humo ndani. Wenzangu walikuwa wazima."

"Na wewe, Elizena. Ulijua tunakufa?"

Hapo Elizena angeweza kudanganya. Angesema aliota, angesema moyo ulimwambia. "Sikujua," akasema. "Nilidhani mnastarehe. Nilikuja kuwafumania. Kama ningejua ni ugonjwa tu, pengine ningeendelea kutwanga. Lakini mko hai, na waliokuponza walikuwa wanakupenda."

Ngajilo akafungua mlango wa nyuma. Akapanda mbele, akawasha gari. Mlango wa nyuma uko wazi, kitanda ni kilekile kimoja, na wanawake watatu wamesimama kwenye sakitu na vifurushi kichwani, kila mmoja ameweka mguu kwenye ngazi na hakuna anayempisha mwenzake.

Hadithi yangu inasimama hapohapo, msinivute khanga. Mimi nilikuwa mke wa pili kati ya wawili, siwezi kuwa hakimu. Nyie ndio mwamue. Apande aliyemkinga na upepo akanyamaza? Apande aliyempa joto akamfungia na mauti? Au apande yule ambaye wivu wake ulifanya kazi ambayo mapenzi ya wenzake yalishindwa?

Wewe bwana unayetabasamu, jibu, ila jua kwamba mkeo amekaa nyuma yako na ameacha kusuka ukili ili asikie vizuri. Nawe dada, usiseme jina haraka, maana tutajua uko upande gani huko kwako. Na utakapomaliza kumchagua wa kupanda, nieleze na hili: wale wawili wanaobaki juu kule, baridi yote ile, nani atamfungulia mwenzake dirisha?