Kifungua Mlango Upande wa Tanuri

Mwana wa nyumba hafungiwi kwa nje. Mmemsikia mama yenu akimjibu hivyo yule wakala wa kazi za ng'ambo, mkacheka. Haya, kaeni niwaambie, na msinikatize. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwoka mikate, Bwana Kondo, mwenye maneno matamu. Vijana aliowatoa mikoani aliwaita "wanangu". Vitambulisho vyao alivishika yeye, eti visipotee. Wakiuliza mshahara, "Mwana humdai baba?" Na mlango wa chumba cha tanuri, nyuma ya nyumba yake, walimofanya kazi na kulala, aliutia kufuli, eti wezi. Mmoja wao, Hamduni, mkewe alijifungua huku nyuma, yeye hayupo. Mtoto sasa anatembea, baba hamjui hata sura. Hamu ya kumwona ilimtafuna Hamduni, hata usingizi ukawa haumjii.

Siku Bwana Kondo alipomwoza binti yake, vijana walifungiwa kama kawaida. Msafara wa bwana harusi ukaja na vigelegele na, kwa ugeni wao, wakakosea mlango. Shangazi yake bwana harusi, Bi Mwanakheri, akapiga hodi kwenye mlango wa tanuri.

"Karibuni," akaitika Hamduni.

Mlango haukufunguka. Bi Mwanakheri akatabasamu. Alijua wanataka kifungua mlango, ada wanayodai watu wa bibi harusi kabla ya kufungua. Akapenyeza kanga chini ya mlango. "Haya, fungueni."

"Hatuwezi, mama."

"Mna tamaa nyie." Akapenyeza ya pili.

"Kanga nzuri, mama. Lakini kufuli liko huko kwako."

Akatazama, kweli. "Kwani nyie ni nani humo?"

"Wana wa nyumba. Ndivyo baba anavyotuita."

Kicheko kikamkauka. Akawahoji, nao wakamweleza yote, ya vitambulisho na ya mishahara. Bwana Kondo alipokuja mbio kuwaelekeza mlango wa mbele, alimkuta shangazi ameketi kizingitini, hanyanyuki.

"Mwana wa nyumba hafungiwi kwa nje," akamwambia. "Ndoa haifungwi hapa mpaka mlango huu ufunguliwe, na kila mmoja apewe chake."

Watu wamejaa, wote wanamtazama Bwana Kondo. Akafungua huku jasho likimtoka, akatoa vitambulisho, akatoa na mishahara. Hamduni akala pilau ya harusi akashiba, kisha akashika njia ya kwao. Mtoto alimkimbia siku ya kwanza. Ya pili akamlalia kifuani, na baba mtu akalia kwa furaha.

Basi, wajukuu zangu, mtu asiye wenu akikuita mwanawe, furahi, lakini muulize ufunguo anaushika nani. Mwana wa nyumba hafungiwi kwa nje.