Wino wa Bi Ngisi na Bomba la Papa

Hapo zamani za kale, wanangu, samaki nao walikuwa na nyumba, na jiko, na majirani wambeya kama wetu. Tulieni basi! Na wewe uache kumfinya mwenzio.

Bi Ngisi alikuwa ametaga mayai yake kwenye mwamba. Anayapepea asubuhi, anayapepea jioni. Siku moja akasikia gwa! gwa! gwa! Kuchungulia, Papa na Chewa wanachimba kisima cha mafuta na kusimika bomba mlangoni pake.

"Bwana Papa, mbona hivyo? Wanangu hawajaanguliwa!"

"Hama, Bi Ngisi," Papa akasema. "Mafuta haya ni neema. Yatauzwa huko juu, sote tuneemeke."

"Nihame vipi na mayai yamenata jiweni? Tena mafuta yakichomwa huko juu, si ndiyo joto linalotupikia matumbawe? Nusu yameshakuwa meupe pe!"

"Maneno ya vijiweni hayo," Chewa akabetua midomo.

"Haya, na bomba likivuja?"

Papa akacheka, akawageukia samaki waliokuja kutazama. "Bomba langu halivuji hata tone! Na likivuja, mimi na Chewa hatubanduki hapa mpaka tusafishe."

Samaki wakashangilia. Changu alikuwa ameshaahidiwa kazi ya ulinzi, basi yeye ndiye aliyepiga kelele kuwashinda wote. Bi Ngisi roho ikamuuma. Hakuwa na wa kumsemea.

Adhuhuri, Papa na Chewa wakiwa wanakula mbele ya samaki wote, Bi Ngisi akanyatia mpaka nyuma ya bomba. Akajibana. Fyuuu! Akamwaga wino wote aliokuwa nao. Maji yakawa meusi tititi.

"Limepasuka!" Chewa akapiga yowe. "Si nilikwambia bomba bovu lile?"

"Najua!" Papa akafoka. "Nilijua tangu siku ya kwanza! Kimbia!"

"Na hawa je?"

"Shauri yao!"

Wakatimua mbio, hata sahani wakaziacha.

Maji yalipotakata, Bi Ngisi akajitokeza. "Ni wino wangu tu, jamani. Lakini si mmewasikia wenyewe?"

Changu kwa aibu akalishika bomba wa kwanza, wenzake wakamfuata, wakaling'oa na kulifukia shimo lote. Bi Ngisi akarudi kupepea mayai yake.

Basi wanangu, mwenye bomba msimsikilize anavyolisifu, mtazameni anavyolikimbia.